Gari dogo linapoteza maji, fundi anasema injini imekwisha: nipime nini kabla ya kulipa?

Silinda_Nne

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Gari ni dogo, injini ya petroli ya cc 1300, silinda 4, hedi ya aluminiamu, imetembea kilomita 190,000. Maji ya rejeta yanapungua kama nusu lita kila kilomita 300, na chini ya gari sioni tone. Asubuhi injini ikiwashwa inamisi kwa sekunde kumi hivi, eksozi inatoa moshi mweupe, halafu inatulia. Hosipaipu ya juu ya rejeta inakuwa ngumu mapema, injini hata haijapata moto. Mshale wa joto ulipanda mara moja, nikazima.

Fundi amesikiliza dakika tano, akasema injini imekwisha, inataka ovahoo kamili, nitangulize asilimia 70. Ninachouliza: ni kipi kinachothibitisha kwamba injini inastahili kufunguliwa yote? Na malipo makubwa kama haya yanapangwaje ili fedha isipotee?

Spana_Kumi

Mkuu, usitoe chochote bado. Dalili zako zinaelekea kwenye gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda) au hedi yenyewe, na hiyo ni kazi ya juu ya injini. Ovahoo inashuka hadi chini: pistoni, ringi, beringi, krankishafti. Ni kazi mbili tofauti kabisa kwa gharama, na hakuna anayezitenganisha kwa kusikiliza dakika tano. Zinatenganishwa kwa vipimo, na vipimo vyenyewe ni vya bei ndogo mno ukilinganisha na kufungua injini.

Anza na rejeta, gari likiwa limelala usiku kucha. Fungua mfuniko, jaza maji hadi shingoni, washa injini huku mfuniko uko nje, kisha tazama. Mapovu machache yanayokoma baada ya dakika moja ni hewa iliyonaswa. Mapovu madogo yanayotoka mfululizo tangu mwanzo, na yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya mwako inayopenya kwenye njia za maji. Kuthibitisha, kuna dawa ya kupimia: chombo chake hukaa juu ya shingo ya rejeta, ndani kuna maji ya bluu, na hewa ya rejeta inavutwa ipite humo. Bluu ikigeuka njano, kuna kaboni dayoksaidi, yaani gesi ya silinda imeingia. Punguza maji ya rejeta kidogo kwanza, kwa sababu yakiingia kwenye dawa kipimo kimeharibika. Na mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Ndani kuna presha ya karibu bar 1 na maji yaliyopita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanachemka palepale na kukurukia usoni.

Kipimo cha pili ni kompresheni, yaani presha inayojengwa ndani ya kila silinda, na hiki kinaharibiwa sana kwa haraka. Betri iwe imejaa, injini iwe na joto la kazi. Toa plagi ZOTE nne, si moja moja. Ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta na chomoa soketi za koili, ili petroli isimwagwe kwenye silinda na umeme usiruke. Funga geji kwenye tundu la plagi ya kwanza, mtu mwingine akanyage mafuta hadi mwisho, piga starta mpaka mshale wa geji uruke mara tano au sita. Andika. Rudia silinda zote kwa idadi ileile ya miruko. Asiyekanyaga mafuta anaziba njia ya hewa, geji inasoma chini silinda zote, na injini nzima inahukumiwa imekufa.

Injini nyingi ndogo za petroli zikiwa salama husoma kati ya bar 10 na 14. Ukiwa mahali pa juu sana kutoka usawa wa bahari namba zote zinashuka pamoja, hivyo tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Tofauti ikizidi asilimia 15 kuna tatizo. Silinda iliyosoma chini, itie kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umelika, kwa sababu oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, uvujaji uko juu: valvu au gasketi.

Plagi zikiwa nje, zipange mezani kwa mpangilio wa silinda uzitazame kwa karibu. Plagi ya silinda inayofanya kazi vizuri ina rangi ya kahawia iliyopauka kwenye kauri. Ya silinda inayokunywa maji hutoka nyeupe safi, kama iliyooshwa, kwa sababu mvuke umeisugua. Hiyo peke yake inakuonyesha pa kuanzia.

Lete namba nne hapa, za kavu na za baada ya oili.

Moshi_wa_Bluu

Nakazia alichosema Spana, na naongeza upande wa pili, yaani dalili zinazohalalisha kwenda chini, maana wewe hukuzitaja hata moja.

Ya kwanza ni sauti ya kugonga. Beringi ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krankishafti) iliyokwisha hugonga kwa sauti nzito, ya ndani, inayozidi unapokanyaga mafuta injini ikiwa na moto. Ukichomoa soketi ya koili ya silinda hiyo, kugonga kunapungua au kunapotea, kwa kuwa pistoni haisukumwi tena. Sauti nyepesi ya tiki-tiki juu ya hedi ni valvu au tapeti, haina uhusiano na krankishafti. Sauti ya pistoni kulegea kwenye silinda husikika asubuhi na kufifia injini ikipata joto. Mtu anayezichanganya hizi tatu anaweza kukuuzia krankishafti kwa ajili ya kurekebisha valvu.

Ya pili ni presha ya oili. Taa ya oili ikiwaka wakati gari liko sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) na moto, usikubali kufungua injini kabla swichi ya presha haijatolewa na geji ya mkono kufungwa mahali pake. Swichi mbovu inawasha taa kama kawaida. Kadirio linalotumika na mafundi wengi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Lakini namba ya kuaminika ni ya kitabu cha injini yako.

Ya tatu ni moshi wa bluu, na hapa wakati unaotoka ndio unaosema. Ukitoka kwa sekunde chache asubuhi, au unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima umeachia, ni sili za valvu: oili imeteremka kwenye shina la valvu. Hizo zinabadilishwa bila kugusa pistoni, na kwa injini nyingi hata hedi haitolewi. Ukitoka muda wote unapovuta mzigo, na mfuniko wa oili ukifunguliwa unapumua kwa nguvu, hapo ringi zinashukiwa. Ila kabla ya ringi, toa valvu ya pumzi ya injini, ile ndogo iliyo kwenye kava ya valvu, uitikise. Ikikaa kimya imeziba. Ikiziba, injini inakula oili kama yenye ringi mbovu, na bei ya kifaa hicho ni ndogo sana. Naumia kila ninapoona injini imefunguliwa chini na valvu ile haikuguswa.

Kuhusu oili yako: povu la rangi ya maziwa chini ya mfuniko tu, kwa gari la safari fupi fupi, linaweza kuwa mvuke wa kawaida. Likiwa kwenye kijiti cha oili pia, maji yameingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Usiwashe tena, kwa sababu oili iliyochanganyika na maji haikingi beringi, na hapo kazi ya juu inageuka kuwa ya chini.

Silinda_Nne

Shukrani sana wakuu. Tumepima kama mlivyoeleza. Kavu: silinda 1 bar 12.8, silinda 2 bar 8.1, silinda 3 bar 8.0, silinda 4 bar 12.6. Baada ya kijiko cha oili: ya 2 ikawa 8.4, ya 3 ikawa 8.2. Dawa ya bluu iligeuka njano ndani ya dakika mbili. Plagi ya 3 ni nyeupe, nyingine kahawia. Kijiti cha oili ni kisafi, hakuna maziwa. Haigongi, haitoi moshi wa bluu.

Spana_Kumi

Namba zako zinasema zenyewe. Silinda mbili zinazopakana, zote chini, karibu sawa, na oili haikuzipandisha: gasketi imeungua kwenye daraja jembamba kati ya 2 na 3, kompresheni inapita kutoka moja kwenda nyingine. Njano kwenye dawa na plagi nyeupe zinaonyesha kuwa silinda ya 3 imefungukia pia njia ya maji. Maji yanachuruzika humo usiku, asubuhi plagi imelowa, ndiyo ile misi ya sekunde kumi. Silinda 1 na 4 zikiwa na bar 12.8 na 12.6 kwa kilomita 190,000, sioni sababu ya kugusa ringi.

Unachohitaji ni kutoa hedi, kuipima, kuirekebisha na kuirudisha. Kuna uwezekano mdogo hedi ikawa na ufa, na hilo litajulikana mezani kwa mchongaji, fundi wa mashine anayepima na kuchonga hedi. Gari lisitembee tena mpaka hapo.

Meza_ya_Mchongaji

Niseme kuhusu hedi, kwa kuwa kazi hii inarudi mikononi mwa watu baada ya miezi miwili, na sababu ni zilezile.

Hedi itolewe injini ikiwa ya baridi kabisa, bolti zikilegezwa kidogo kidogo kuanzia nje kuelekea kati. Aluminiamu ikitolewa na moto inapinda. Ikishasafishwa, unalaza rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wake mahali sita: kingo mbili za urefu, kingo mbili za upana, na pembe kwa pembe mara mbili. Unajaribu kupitisha fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia pengo) chini ya rula. Kwa injini nyingi za ukubwa huu kikomo ni karibu mm 0.05, kitabu kitakupa namba kamili. Jani la mm 0.05 likipita, hedi inachongwa kwa mashine. Uliza imechongwa kiasi gani na unene uliobaki ni upi, kwa sababu kila hedi ina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na ikipita hapo inatupwa. Uso wa bloku nao upimwe kwa rula ileile. Wengi wanapima hedi wakasahau bloku.

Kabla ya kuchonga, hedi ijaribiwe ufa kwa presha: njia za maji zinazibwa, hewa inasukumwa ndani, hedi inazamishwa kwenye maji ya moto. Ufa unapenda kukaa kati ya viti vya valvu mbili za silinda moja, au kutoka kwenye kiti cha valvu kuelekea tundu la plagi. Kulipia kuchonga hedi yenye ufa ni hasara tupu, kwa hiyo mpangilio ni huo: presha kwanza, mashine baadaye. Hedi ikiwa mezani badilisha sili za valvu zote, na valvu zisagwe kwenye viti vyake. Kuzijaribu ni rahisi: geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye vyumba vya mwako, plagi zikiwa zimefungwa. Baada ya dakika chache yasionekane yakichuruzika kwenye njia za hewa wala za eksozi.

Sasa makosa. Kosa la kwanza ni kusafisha uso wa bloku kwa diski ya msasa ya kuzungushwa na umeme. Inachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na unga wake mgumu unaanguka kwenye njia za oili. Beringi zako nzuri zinakwisha ndani ya muda mfupi. Tumia dawa ya kulainisha gasketi na kikwangua cha plastiki. Kosa la pili ni matundu ya bolti yenye oili au maji chini. Bolti ikiingia, kimiminika hakina pa kwenda, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inakwambia imekaza na kumbe imekaza juu ya maji. Ukilazimisha, bloku inapasuka. Kausha kila tundu kwa hewa. Kosa la tatu ni kurudisha bolti za zamani. Bolti za hedi za injini nyingi za kisasa hukazwa mpaka zinavutika, na iliyovutika mara moja haishiki tena sawasawa. Nunua seti mpya. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua: toki ya kwanza, kisha kuzungusha nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kisha nyuzi 90 nyingine, au kama kitabu cha injini kinavyosema. Anayekaza kwa nguvu ya mkono hajafunga hedi. Gasketi za chuma za matabaka nazo hazipakwi silikoni.

Halafu swali ambalo fundi wako hakuuliza: ilichemka kwa nini? Gasketi haikuungua yenyewe. Feni iwake kwenye joto lake, rejeta isafishwe au ibadilishwe, mfuniko wa rejeta ushike presha iliyoandikwa juu yake, na termostati (valvu inayofungua njia ya maji injini ikipata joto) ninashauri iwe mpya bila mjadala. Ukitaka kujua kama ya zamani ndiyo chanzo, itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipima joto: namba imegongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, na hapo ndipo inapaswa kuanza kufunguka.

Daftari_la_Gereji

Kuhusu fedha. Asilimia 70 mbele kwa kazi ambayo haijapimwa ni kumkabidhi mtu uamuzi wote. Ukishatoa hiyo, huna cha kumshikia.

Omba makadirio ya maandishi yaliyogawanywa mafungu: ufundi wa kutoa na kurudisha hedi, kazi ya mchongaji, kila kipimo na bei yake, vipuri kwa majina, vimiminika. Neno "matengenezo ya injini" na tarakimu moja chini si makadirio. Kwa kazi yako vipuri vya kuandikwa ni seti ya gasketi za juu, bolti za hedi, sili za valvu, termostati, kulanti, oili na filta. Kama injini ni ya mkanda wa taiming, ongeza mkanda, tensheni na pampu ya maji. Mkanda lazima utolewe ili hedi itoke, kwa hiyo ufundi wake umeshaulipia. Kuurudisha wa zamani ili kuokoa bei yake kisha ukakatika na kupinda valvu ni kuichoma kazi yote.

Malipo yaende kwa hatua. Ya kwanza ni ufundi wa kufungua na vipimo vya mchongaji, basi. Hapo kazi inasimama na unapewa majibu: imepinda kiasi gani, ina ufa au haina. Mkubaliane mapema bei ya kusimama hapohapo, yaani ukiamua kutoendelea unadaiwa nini na gari linatoka gereji vipi. Hatua ya pili ni vipuri, na ukiweza vinunue mwenyewe kwa namba ya injini, au ulipe dhidi ya risiti. Hatua ya tatu, na isipungue sehemu kubwa ya ufundi, hulipwa baada ya gari kutembea kilomita 30 au 40, feni kuwaka na kuzima yenyewe, na dawa ya bluu kubaki bluu. Andikeni pia kikomo: gharama ikitaka kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, kazi isimame mpaka ukubali. Vipuri vya zamani urudishiwe vyote. Dhamana iandikwe kwa miezi na kilomita, na iseme wazi kama inahusu ufundi, vipuri au vyote viwili.

Je, inalipa kutengeneza? Watu hulinganisha matengenezo na bei ya gari zima. Hesabu hiyo inadanganya. Chukua thamani ya gari likiwa zima, toa thamani yake likiuzwa bovu lilivyo leo. Tofauti ndiyo unayoinunua. Tuseme zima ni 100, bovu ni 40. Matengenezo ya 25 yanakurudishia 60, endelea. Matengenezo ya 70 yanakurudishia 60 ileile, simama ufikirie. Kabla ya kuhesabu, kagua giaboksi, klachi, kutu ya chesi na sasipensheni, kwa sababu hedi mpya haiponyi chochote kati ya hivyo.

Ukilazimika kukopa, tazama jumla utakayorudisha, si rejesho la mwezi. Deni liishe ndani ya mwaka. Na usihesabu bima: kwa kawaida bima ya gari hailipi uchakavu wa injini.

Mtumba_Safi

Natofautiana kidogo. Hedi ikikutwa na ufa, hedi nyingine pamoja na kazi ya mchongaji inaweza kukaribia bei ya injini ya mtumba. Hapo injini nzima iingie kwenye hesabu.

Daftari_la_Gereji

Iingie, ndiyo, ila kwa masharti. Injini ya mtumba ipimwe kompresheni kabla ya kulipwa, kava ya valvu ifunguliwe ionekane kama kuna tope jeusi la oili, na alama za aina ya injini zifanane na zako, la sivyo waya na sensa hazitakubali. Uliza dhamana: ikifa wiki ya pili, nani analipa ufundi wa kuishusha? Wauzaji wengi hurudisha injini tu. Namba ya injini nayo, mahali inapoandikwa kwenye hati za gari, lazima ibadilishwe rasmi, vinginevyo utakwama siku ya kuuza. Kwa kompresheni ya silinda 1 na 4 alizoleta, hali ya chini ya injini yake inajulikana. Hali ya chini ya injini ya mtumba hakuna anayeijua.

Silinda_Nne

Nimeelewa. Mchongaji amepatikana, na fundi mwingine amekubali hatua tatu kwa maandishi. Kurudisha na kuwasha mara ya kwanza, kuna la kuzingatia?

Meza_ya_Mchongaji

Oili na filta ziwe mpya kabla ya kuwasha, hata kama kijiti kilikuwa kisafi, kwa sababu hedi ikitoka maji hudondokea kwenye silinda na kushuka. Piga starta fyuzi ya mafuta ikiwa nje mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe fyuzi.

Jaza kulanti na maji yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu. Pua ya gari iwe juu kidogo, hita ifunguliwe kwenye moto wa mwisho, mfuniko wa rejeta uwe nje, injini iachwe sailensa. Maji yatashuka ghafla termostati ikifunguka, ongeza. Funga mfuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, zima gari, liache lipoe usiku, angalia kiwango tena. Hewa ikibaki kwenye hedi, mshale unaweza kusoma vizuri huku chuma cha hedi kimekauka maji na kuungua upya.

Bolti usizikaze tena baada ya siku kadhaa kama kitabu hakikusema. Zile zilizokazwa kwa kuzungusha nyuzi 90 zikiguswa zinapoteza mvuto wake. Angalia maji kila asubuhi kwa wiki mbili. Kilomita 1,000 zikifika, mwaga oili hiyo, badilisha filta, na rudia dawa ya bluu ukiwa bado ndani ya dhamana.